Kioo Kilichogeuka Kioo

Wasee, Kiswahili kina utani wake. Kile unachojitazama kwa kinyozi ni kioo. Kile kilicho kwenye dirisha la matatu nacho ni kioo. Neno moja, kazi mbili tofauti kabisa: kimoja kinakurudishia mwanga usoni, kingine kinauacha upite uende zake. Mwaka 1996 kikundi cha wanafizikia wa Vrije Universiteit, pale Amsterdam, kilionyesha dunia kwamba hili neno letu halikuwa limekosea sana.

Walichukua metali inayoitwa itriamu, wakaipaka kwenye kibao kinachopitisha mwanga, tabaka la nanomita 500 hivi. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hilo tabaka zaidi ya mara 100. Juu yake wakaongeza ngozi nyembamba zaidi ya paladiamu, halafu wakafungulia gesi ya haidrojeni. Mwanzoni tabaka lilikuwa linang'aa kama kioo cha kinyozi. Haidrojeni ikazidi kuingia, ikazidi, na kumbe sasa unaweza kuona vitu vya upande wa pili. Kioo cha kujitazama kimekuwa kioo cha dirisha, chenye umanjano kidogo. Ukipunguza haidrojeni, kinarudi kung'aa. Ukiirudisha, ni dirisha tena.

Aliyekuwa kwenye hiyo kazi pamoja na profesa wake Ronald Griessen ni mwanafunzi, J. N. Huiberts. Na si ati walikuwa wanatafuta dirisha. Walikuwa wanawinda metali ya kupitisha umeme bila kupoteza chochote njiani. Walichopata ni hiki kingine, na wakakitambua kwa sababu walikuwa wanapima: umeme unapita kiasi gani, mwanga unapita kiasi gani, haidrojeni imeingia kiasi gani.

Nataka tuongee kuhusu hiyo kazi ya kupima mwanga wa metali pale zinapobadilisha hali. Najua ukisikia hivyo kidole chako kinataka kusukuma skrini juu uende kwa vidio ingine. Tulia kidogo. Ndani ya hii stori kuna mlima wa Kwale, kuna doo ambazo tumeahidiwa, na kuna swali ambalo sioni mtu wa rika letu akiliuliza.

Kwanza, hali. Shuleni tulikariri tatu: yabisi, kioevu, gesi. Barafu, maji, mvuke, umepita mtihani, nenda nyumbani. Lakini kitu kinaweza kubadilisha hali kikiwa bado ni yabisi, bila kuyeyuka hata tone. Atomu zinaweza kujipanga upya. Ama zikabaki zilivyojipanga, elektroni ndizo zikabadilisha tabia. Kwa macho unaweza kukosa kuona kitu chochote, lakini ndani serikali imepinduliwa.

Fikiria matatu ya jioni. Ndani ya metali ya kawaida kuna elektroni ambazo ni kama makanga: hazina kiti, ziko mlangoni, zinarukaruka. Mwanga ukija zinaudaka pale pale mlangoni na kuurusha nyuma. Ndiyo maana metali hung'aa. Sasa haidrojeni ikishajaa kwenye itriamu, kila elektroni inapewa kiti na kufungwa mkanda. Mlangoni hakuna mtu. Mwanga unapita katikati hadi nje upande wa nyuma. Matatu ni ile ile, abiria ni wale wale na haidrojeni imeongezeka, lakini hali ni nyingine.

Itriamu iko kwenye ukoo wa metali 17 ambazo dunia inaziita metali adimu. Jina linapotosha, kwa sababu nyingi hazijaadimika hivyo ardhini. Taabu ni kwamba zinapatikana zimechanganyika, na kikemia zinafanana kama mapacha, kwa hivyo kuzitenganisha ni kazi ya jasho. Spika ya simu yako ina sumaku ya neodimiamu. Intaneti inayokuletea hii kitu ilipita chini ya bahari hadi Mombasa ndani ya nyaya za kioo, na njiani mwanga wake uliongezwa nguvu na ebiamu. Unaishi na hizi metali, hata kama hamjawahi kusalimiana.

Kuna mwingine wa ukoo huo anaitwa gadoliniamu, na huyu ningemfanya balozi wa Kenya. Anabadilisha hali karibu na nyuzi 20 za Selsiasi. Chini ya hapo anashikwa na sumaku kama msumari. Juu ya hapo anaachilia. Maana yake, kipande hicho hicho kingenata kwenye sumaku saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai hapa Nairobi, ukiwa umevaa hudi na bado unatetemeka. Kishushe Mombasa saa nane mchana, kinaanguka chini. Hakijapakwa kitu, hakijakatwa, hakijachomwa. Ni joto tu la mji.

Ukikitazama kwa macho katika ile miji miwili, utaapa ni kitu kile kile. Lakini mwanga haudanganyiki hivyo. Mwaka 1877 Mskoti mmoja, John Kerr, aligundua kwamba ukirusha mwanga ambao mawimbi yake yamepangwa upande mmoja, na ukagonga uso wa sumaku, unarudi ukiwa umepinda kidogo. Pima huko kupinda huku ukipasha gadoliniamu joto polepole. Kunapungua, kunapungua, hadi usumaku unakufa na kupinda nako kunaisha. Umesoma mapinduzi ya ndani bila kufungua kitu, kwa kuangalia tu mwanga ulivyorudi.

Halafu kuna seriamu. Kama una laita mfukoni, kile kijiwe kinachotoa cheche ni mchanganyiko wenye seriamu nyingi. Hii metali ina tabia moja ya ajabu. Iminye vya kutosha kwenye joto la kawaida la chumba na inasinyaa ghafla, kiasi cha asilimia 15 ama zaidi ya ujazo wake, na bado atomu zimejipanga kwa mtindo ule ule. Piga picha tangi la lita 100 nyuma ya nyumba yenu, umeamka asubuhi linabeba 85, na umbo halijabadilika. Baridi kali nayo inaweza kuifikisha huko. Kwa miongo mingi wanafizikia wamekuwa wakibishana ni nini hasa kinatokea kwa elektroni zake.

Mwaka 2001 watafiti wa Groningen, bado ni Uholanzi, walichapisha vipimo vya mwanga kwenye zile hali mbili za seriamu. Wakaona kwamba kwenye hali iliyosinyaa, elektroni zinatembea kana kwamba kila moja ina uzito wa elektroni 20 hivi. Kwenye hali ya kawaida, uzito huo haupo. Wakaona pia kwamba ile iliyosinyaa inameza mwanga mahali ambapo mwenzake hamezi. Metali moja, tabia mbili, na ushahidi ukaletwa na mwanga.

Hii kazi inafanywaje? Wazo lenyewe mtoto wa darasa la saba analielewa. Unarusha mwanga uliopangwa, kwa mshazari, unagonga metali, unaudaka ukirudi na kuangalia umebadilika vipi. Ni kama kurusha mpira ukutani gizani: ukisikiliza na kuhisi ulivyorudi, unajua kama ukuta ni wa mawe ama wa mabati. Inaitwa elipsometria, na misingi yake iliwekwa na Mjerumani Paul Drude mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kila rangi ya mwanga unapata namba mbili: metali inauchelewesha mwanga kiasi gani, na inaumeza kiasi gani. Halafu unabadilisha joto nyuzi chache, unarudia. Unabadilisha tena, unarudia. Ukifika pale hali inapogeuka, namba zinaruka.

Utekelezaji sasa ndio noma. Nyingi za hizi metali haziivani na hewa. Zinashika kutu haraka, na ukipima kutu umepima kutu, si metali. Kwa hivyo unatengeneza tabaka lako ndani ya chombo kilichonyonywa hewa karibu yote, na unalipima humo humo kabla halijaharibika. Seriamu nayo ikisinyaa inaweza kujipasua vipande. Ukiipoza vibaya inapitia hali nyingine katikati na unabaki na mchanganyiko usioeleweka. Mtu anaweza kukaa miezi akitafuta namba moja ya kuaminika. Na mimi nawaambia hiyo namba moja ina thamani kuliko hotuba kumi.

Kwa nini nasema hivyo? Angalia mfano huu mmoja. Kuna kitu kinaitwa samariamu salfaidi, metali adimu iliyoungana na salfa. Ni nyeusi. Iminye, inageuka kuwa na rangi ya dhahabu, kwa sababu imehama ikawa metali. Hata kuisugua tu usoni kunatosha kuupa ule uso rangi ya dhahabu. Manze, kama vijana wa wash wash wa Nairobi wangejua hii kitu mapema, kuna wageni wengi zaidi wangerudi kwao bila viatu. Jiwe jeusi, unasugua mbele ya mteja, dhahabu! Macho yangeamini. Lakini mtu mwenye kifaa cha kupima mwanga angeona mara moja kwamba hii si dhahabu, kwa sababu namba zake rangi kwa rangi ni nyingine. Bila kipimo, yeyote anaweza kukuuzia rangi.

Sasa twende Kwale.

Kusini mwa kaunti hiyo, kuelekea mpaka wa Tanzania, kuna Mlima Mrima. Kwa Wadigo msitu wake ni kaya, mahali patakatifu. Kwa wanajiolojia ni mahali penye niobiamu na metali adimu, na pia thoriamu, ambayo inafanya udongo wake kuwa na mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida. Mwaka 2013 kampuni iliyokuwa ikitaka kuchimba hapo ilitangaza thamani ya metali adimu za mlima huo: dola bilioni 62.4. Mwaka huo huo leseni yake ikafutwa na serikali. Kampuni ikapeleka Kenya kwenye usuluhishi wa kimataifa wa uwekezaji, na mwaka 2018 ikashindwa.

Mimi kesi nawaachia mawakili. Ninachotaka uangalie ni ile namba. Bilioni 62.4. Ilitoka, ikaingia magazetini, ikaingia kwenye mitandao, ikaingia kwenye hotuba. Hadi leo ukifungua komenti za vidio yoyote ya madini ya Kenya utaipata, mtu anaandika, "Tuna mabilioni chini na bado tunakula sukuma." Wangapi kati yetu waliuliza ilipimwaje? Ni sampuli ngapi? Ni kiasi gani cha itriamu, kiasi gani cha neodimiamu, kiasi gani cha seriamu, kwa sababu bei zao hazifanani hata kidogo? Na kuzitenganisha kutagharimu ngapi? Tulipewa namba tukaibeba kama mtoto wetu.

Na hapa mwanga unarudi tena. Unakumbuka nilisema hizi metali zinafanana kama mapacha? Kilichosaidia sana kuwatambua ni mwanga. Mwaka 1878 wanasayansi wawili, Delafontaine na Soret, waliona kwenye mwanga alama ambazo hazikulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ndiyo ilikuja kuitwa holmiamu. Hadi leo, ukitaka kujua ni metali gani zimo kwenye udongo na kwa kiasi gani, njia mojawapo kubwa ni kuzichoma hadi zing'ae na kusoma rangi zinazotoka, kwa sababu kila elementi ina saini yake. Anayejua kusoma mwanga ndiye anayejua mlima una nini. Na anayejua metali zinavyobadilika kwenye joto na mgandamizo ndiye anayejua zitafaa kutengeneza nini. Wengine wote wanasubiri kuambiwa.

Sheria yetu ya madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 70 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 10 jamii ya mahali penyewe. Sawa, ni vizuri kuwa na mgao. Lakini nisaidie hesabu. Asilimia 10 ya nini? Kama aliyepima ni yule yule anayelipa, mama wa Mrima anajuaje kwamba alichopewa ni kumi na si mbili? Unaweza kupigania asilimia hadi uchoke, lakini namba inayokatwa hiyo asilimia iko mikononi mwa mtu mwenye mashine.

Kuna watu wataniambia ati tatizo letu ni kukosa migodi, tukichimba tu tutaomoka. Waangalie Marekani. Wana mgodi mkubwa wa metali adimu pale Mountain Pass, California. Pamoja na hela zao zote, kwa miaka mingi walichimba, wakachuja, halafu wakapeleka mchanga wao China ukatenganishwe huko. Aprili 2025 China iliweka masharti ya vibali vya kuuza nje metali saba za ukoo huu. Ndani ya hiyo orodha kuna itriamu, kuna gadoliniamu, kuna samariamu, wale wale nimewataja hapa. Ghafla viwanda vya magari na vya vifaa vya umeme nje huko vikaanza kuhangaika. China haikufika hapo kwa kuwa na udongo peke yake. Ilifika kwa miongo ya watu waliokaa maabara wakijifunza metali moja baada ya nyingine inavyotenganishwa na inavyofanya kazi. Udongo hata sisi tunao.

Kuna pingamizi ingine, na hii naiheshimu zaidi. Mtu anasema: buda, hospitali hazina dawa, unataka serikali inunue mashine ya kuangalia seriamu ikisinyaa? Si hiyo ni anasa ya Wazungu wa Uholanzi?

Swali la haki. Jibu langu ni kwamba ujuzi wa kupima mwanga haukai mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Nairobi kina wanafizikia ambao kwa miaka wametengeneza matabaka membamba ya sola na kupima yanavyomeza mwanga. Kanuni ni zile zile: tabaka, mwanga, joto, namba. Mtu aliyezoea kazi hiyo hahitaji kuzaliwa upya ili apime metali adimu. Anayejua kusoma mwanga uliopita kwenye sampuli anaweza kukagua dawa kama ni feki, maji kama yana sumu, mafuta kama yamechanganywa. Hiyo hospitali isiyo na dawa nayo inahitaji mtu wa kuhakikisha kwamba dawa ikifika, ni dawa. Kwa hivyo huu ni mkono mmoja unaofanya kazi nyingi, na metali adimu ni mojawapo.

Pia, kupima si kuchimba. Nasema hivi kwa sababu kuna wenyeji wa Mrima ambao hawataki msitu wao uguswe, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini hata wao wanahitaji vipimo. Wanataka kujua thoriamu iko wapi na kiasi gani, vumbi litaenda wapi mtu akichimba, mto utabeba nini. Ukitaka kusema ndiyo, unahitaji namba. Ukitaka kusema hapana mbele ya watu wenye mawakili, unahitaji namba zaidi.

Sasa kuhusu mimi, kwa sababu najua komenti ya kwanza itakuwa, "Wewe uliacha chuo, unatuambia nini kuhusu fizikia?" Ni kweli, niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Chuo sitakitaja. Lakini nitakuambia nilichokiona kabla sijaondoka. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya 60 na spektromita moja. Ililetwa mezani, tukaonyeshwa mahali pa kuwasha, ikarudishwa kabatini. Halafu tukagawiwa karatasi yenye namba zilizokwisha kupimwa na watu wengine, mwaka mwingine, na kazi yetu ikawa kuchora grafu. Grafu yangu ilikuwa safi. Nilipata alama nzuri kwa kipimo ambacho sikukifanya.

Ile karatasi ndiyo naiona nikisikia bilioni 62.4. Ni mtindo ule ule, umekua tu. Darasani unapewa namba uchore. Ukitoka nje, nchi nzima inapewa namba ishangilie ama ikasirike. Na wale waliofunzwa kuchora grafu za namba za kupewa ndio kesho wanakaa kwenye meza ya mkataba, mbele ya kampuni iliyokuja na mabuku ya vipimo vyake yenyewe. Watauliza nini? Hawajawahi kushika mashine. Hawajui namba huharibikia wapi. Hawajui kwamba ukipima metali iliyoshika kutu, unapata namba nzuri ya kitu kingine.

Ninachotaka si kikubwa hivyo. Cha kwanza, namba yoyote ya thamani ya madini ikitangazwa, itangazwe na njia iliyotumika: sampuli ngapi, maabara gani, kifaa gani, na nani asiyelipwa na kampuni amerudia kipimo. Wabunge wetu wa Pwani wangeanza na hiyo, haihitaji hata bajeti. Cha pili, tupate angalau maabara moja ya pamoja ya mwanga na metali, ikiwezekana Pwani kwenyewe, ambayo milango yake haiangalii kadi ya mwanafunzi tu. Kuna vijana wa jua kali wenye mikono ya kutengeneza kitu chochote, na kuna walioacha chuo kwa karo kama mimi, ambao wangejifunza kunyonya hewa kwenye chombo na kupanga miale kuliko wengi walio na digrii. Cha tatu, kila mwanafunzi wa fizikia aguse kifaa kwa mkono wake kabla hajapewa karatasi ya namba. Hata kama kifaa ni cha bei rahisi.

Na kuna cha bei rahisi sana. Tafuta DVD ya zamani, zile za sinema zilizojaa kwenye droo ya sebuleni. Uso wake una mistari iliyopishana kwa mikromita 0.74, na hiyo inatosha kuupasua mwanga rangi kwa rangi. Chukua katoni ndogo, kata upenyo mwembamba upande mmoja, weka kipande cha DVD upande wa pili kwa mshazari, kamera ya simu juu yake. Usielekeze kwa jua, utaharibu macho. Elekeza kwa balbu nyeupe ya LED nyumbani kwenu.

Utaona mstari wa bluu wenye nguvu, halafu pengo, halafu wingu pana kutoka kijani hadi mwekundu. Bluu ni ya taa yenyewe. Lile wingu, kwa balbu nyingi, linatoka kwa poda ya njano iliyopakwa juu yake, na ndani ya hiyo poda kuna itriamu na seriamu. Sasa nenda dukani kwa jirani mwenye ile mirija ya zamani ya fluoresenti, elekeza hapo. Kwa baadhi ya hiyo mirija, wingu limepotea, umebaki na mistari myembamba iliyoachana. Ule mwekundu unaowaka zaidi ni wa europiamu, ndugu yao.

Umesoma metali tatu za ukoo mmoja kwa katoni na DVD. Si elipsometria, na haitakuambia Mrima kuna nini. Lakini hiyo namba hujapewa na mtu. Fanya, piga picha, nitumie kwenye komenti, niandikie ni balbu gani na uliona nini. Nitaziweka zote pamoja tuzilinganishe. Na siku nyingine mtu akikutajia mlima na mabilioni, muulize swali moja la adabu: nani alipima, na nani mwingine amerudia?